YAH: Sanamu zangu za farasi na ngamia kutoka Luoyang, China, na maneno niliyoambiwa kaunta kwenu

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ila heshima hiyo msidhani ndiyo kupoa.

Jumamosi iliyopita, nikiwa mbele ya kaunta yenu ya mizigo ya China na foleni ya watu nyuma yangu, kijana wenu alichukua ufunguo akamkwaruza ngamia wangu kwenye nundu. Ukadondoka unga mweupe. Akacheka, akaniambia: "Mama, feki ni feki tu. Kwani ulitaka feki orijino?" Watu wakaangua kicheko.

Naomba nimjibu leo, maana siku ile sauti haikutoka. Ndiyo. Nilitaka hiyo hiyo, na hela niliyotoa ilikuwa ya hiyo hiyo.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba nanunua vitu vya kale. Sancai zenyewe, sanamu za rangi tatu walizozikwa nazo wakubwa wa enzi ya Tang kati ya 618 na 907, ziko makumbusho, na Wachina hawaziachii zitoke nchini. Hilo mnalijua, ndiyo kazi yenu. Mimi nilinunua nakala, tena kijijini Nanshishan, pale Luoyang, kwa mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Na nakala ina ufundi wake, jamani! Udongo unachomwa kwanza mtupu. Ndipo unapakwa rangi ya madini, shaba itoe kijani, chuma kitoe kaharabu, na madini ya risasi ndani yake ili viyeyuke viwe kama kioo, kisha unarudi tanurini mara ya pili. Humo rangi inachuruzika inavyotaka yenyewe, kwa hiyo huwapati farasi wawili sawasawa. Wangu alikuwa na tone la kaharabu lililoganda juu ya kwato ya nyuma kushoto, kama asali iliyoghairi kudondoka. Nilimchagua kwa sababu ya tone lile. Picha ninayo, na aliyeipiga ni mtu wenu wa Guangzhou, siku aliyopokea mzigo.

Huyu aliyefika Dar hana tone. Kapuliziwa kijani mpaka nyayoni, ukimgonga kwa kucha hatoi mlio, na nilipompitishia kitambaa chenye maji, kijani kikahamia kwenye kitambaa. Jipsamu, kama ya dari. Nilipiga simu mara tatu kabla sijaja, nikajibiwa "mzigo umefika salama". Mzigo wa nani?

Narudi kwa yule kijana, maana naona bado hamjajua alichonifanyia. Nilimwekea picha juu ya kaunta, hakuitazama. Ufunguo ulikuwa wa pikipiki, wenye kamba nyekundu. Hakuniomba ruhusa. Alikwaruza mara mbili, na mara ya pili macho yake yalikuwa usoni kwangu, si kwa ngamia. "Feki ni feki tu, mama." Aliyesimama kulia kwangu, akiwa amekuja kunisaidia kubeba, ni mteja wangu mwenye hoteli. Jozi ile ilikuwa ya mapokezi yake. Nami ndiye niliyemwambia kwa mdomo wangu kuwa ni kazi ya tanuri. Hakucheka. Alitazama chini, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Nilikuja kwenu na ombi dogo tu, mnitafutie sanamu zangu. Sasa nataka zirudi zile zile, yenye tone ikiwemo, au yuani 2,400 nilizotoa pamoja na gharama yote ya kusafirisha. Na barua ya kuomba radhi, yenye saini yako wewe Meneja, si ya kijana, ipelekwe kwa mteja wangu hotelini kwa mkono. Masharti ya mzigo uliobadilika mliyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea.

Nawapa siku saba. Baada ya hapo nakwenda Tume ya Ushindani, wao bidhaa bandia ndiyo shughuli yao, na picha mbili, ya Guangzhou na ya Dar, zitaingia kwenye magrupu yote ya WhatsApp ya wanaoagiza China. Na kwa kuwa simu zangu tatu zilishawapa muda wa kutosha, hizo siku saba zifanyeni tano.

Ngamia nimemweka kabatini na mikwaruzo yake yote miwili. Unga wake nimeukusanya kwenye bahasha.

Mteja wenu wa miaka minne