Shangazi, punda ni yule yule, mimi ndiye sijui nimekuwaje

Asalaam aleikum shangazi. Nakuandikia saa kumi usiku, adhana ya alfajiri bado, na tangu juzi sijapata usingizi wa maana. Mashindano ya punda yamebaki siku 9. Najua wewe hupokea barua za walioachwa na waliodhulumiwa mirathi, na pengine langu utaliona la kitoto. Lakini chakula hakipiti, tumbo linaniendesha usiku kucha, na nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Mwaka jana nilishindwa. Hilo nimelikubali, kushindwa si dhambi. Kilichonichoma ni neno alilosema babangu jioni ile dakani kwetu, kwenye baraza ya mlangoni, mbele ya wazee wenzake: "Punda ni yule yule." Hakunitazama, wala hakuongeza neno. Ni kweli punda ni yule yule aliyempa kakangu ushindi mara mbili, wakati wa Maulidi na kwenye tamasha la Novemba. Sasa kama punda hakubadilika, aliyeharibu ni nani? Wazee walinyamaza, mmoja akaendelea kumimina kahawa.

Nikueleze ilivyokuwa, maana watu husimulia vyao. Nilianza vizuri. Nilikuwa wa tatu, nikawa wa pili. Tulipokaribia uwanja wa Mkunguni watu walikuwa wamejaa hadi ukingo wa maji, wengine wamesimama juu ya mashua, wanaita jina la kakangu. La kakangu, shangazi, si langu. Mikono ikaanza kutetemeka, nikavuta kamba bila kujua kwamba navuta. Punda akaacha njia, akaingia kichochoro anachopita kila siku na mizigo ya mchanga, akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwetu. Watu walicheka sana. Watoto wa mtaani bado huniuliza kama nimefika nyumbani salama. Wasiopanda husema sikumdhibiti. Wao waje wakae nyuma kabisa, juu ya kiuno cha punda, hakuna shogi wala tandiko, halafu waniambie. Mnyama huisikia mikono yako kabla wewe mwenyewe hujajua kwamba una hofu.

Hakuna anayenilazimisha, hilo nalisema wazi. Babangu hajayataja mashindano tangu siku ile. Kakangu yuko Mombasa kikazi, hunitumia sauti kwenye simu, "Tuliza moyo, huo ni mchezo tu." Kwake ni mchezo, ana vikombe viwili kabatini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka nadhiri kwamba nikishindwa safari hii sitapanda tena, wala sitakaa tena daka moja na wazee wale. Nadhiri hiyo umeijua wewe peke yako.

Mchana punda hubeba mchanga na mawe ya ujenzi, ndiyo riziki yetu, kwa hiyo mazoezi nafanya usiku maji ya bahari yakitoka, kwenye mchanga wa kuelekea Shela. Juma lililopita nilimpeleka kwenye kliniki ya punda, ile iliyo hapa kwetu tangu 1987 na inayotibu bila malipo, kwa sababu alikuwa amechubuka mgongoni. Waliniambia nimpumzishe. Nilimpumzisha. Siku mbili. Moja na nusu.

Mimi si mtu wa kupiga punda. Huyu nimemlea tangu ananyonya, mgonjwa nalala naye uani. Lakini juzi usiku tulipofika kwenye kichochoro kile kile akageuza shingo kutaka kuingia, na mimi nikasikia sauti ya babangu kana kwamba yuko nyuma yangu. Nikampiga fimbo tatu. Hakukimbia. Alisimama tu, masikio ameyalaza nyuma. Nilishuka nikakaa chini nikalia, na nashukuru hakukuwa na mtu.

Kuna mtoto wa ami yangu, ana miaka 15, mwepesi kama unyoya. Jioni yeye ndiye humpeleka punda kunywa maji, na punda humfuata bila kamba. Mamangu alisema, "Mwanangu, mwache mdogo wako ajaribu mwaka huu." Nilimjibu vibaya na sijamwomba radhi. Mimi nina miaka 21, mwili umeongezeka, najua, sihitaji kuambiwa. Lakini nikimpa yeye akashinda, neno la babangu litakuwa limethibitika mbele ya Lamu nzima. Na akishindwa nitafurahi. Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kuliandika hilo, ila ndiyo kweli.

Kwa hiyo shangazi, sitaki uniambie niache. Ninachotaka ni kujua mtu hufanya nini na tumbo na mikono usiku wa kuamkia siku kama hiyo. Nimesoma nyiradi, nimekunywa tangawizi, nimejaribu kuvuta pumzi polepole kama tulivyofundishwa kwenye mpira. Husaidia kidogo, halafu neno lile hurudi. Au ukiona heri niache, niambie kwa namna ambayo naweza kuisema nyumbani bila aibu.

Na kuna hili. Mwaka mzima sijamuuliza babangu alikusudia nini. Huenda alikuwa anamsifu punda tu. Huenda hata halikumbuki neno lenyewe. Je, nimuulize kabla ya mashindano? Akisema hakunikusudia mimi, fimbo zile tatu nitamwambia punda zilikuwa za nini?

Adhana imeanza. Babangu anafungua komeo aende msikitini, atanipita hapa nami nitajifanya nimelala. Tafadhali nijibu upesi, na mtaa wetu usiutaje.

Mpanda punda,
Lamu