Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: seli hazina wikendi, lakini sisi tunaozitunza ni watu

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

YAH: MKATABA WA KAZI NA MUDA WA KUSOMA KWA WANAFUNZI WA LABU

Naandika kama mmoja wa wanafunzi wa uzamivu wa taasisi yako ya utafiti wa tiba ya kuotesha upya tishu, wale ambao chuo kinatuita wanafunzi na rosta ya labu inatuhesabu kama wafanyakazi. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani tumeshazipita zote, supavaiza kasema hilo ni suala la utumishi, utumishi wakasema nyie sio waajiriwa wetu rudini chuoni, chuo nacho kikasema mambo ya labu yanaamuliwa na taasisi, sa hapo mtu unabaki unazungushwa tu. Sijaja kumchafua mtu na sitataja labu wala supavaiza yeyote. Ninachoomba ni kitu kimoja: anayefanya kazi ya mwajiriwa apewe mkataba wa mwajiriwa, na ndani ya huo mkataba muda wake wa kusoma uandikwe na uheshimiwe.

Labda nianze na kazi yenyewe maana nahisi huko juu inafika ikiwa imeshakuwa ripoti na picha nzuri za kwenye brosha. Seli shina ni seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na zile za iPS ni seli za kawaida za mtu zilizorudishwa kwenye hali hiyo. Zinataka midia mpya, yaani maji ya lishe zinamoota, karibu kila siku. Unazitoa kwenye inkubeta, lile kabati la kuoteshea, nyuzi joto 37, kabonidaioksaidi asilimia 5, unaziweka chini ya hadubini halafu unapitia koloni, yaani makundi ya seli, moja baada ya nyingine kwa macho yako mwenyewe. Koloni yenye afya ina ukingo uliokaa vizuri, seli ndogondogo zimebanana. Ile iliyoanza kugeuka seli za aina nyingine utaiona inatawanyika pembeni, seli zinakuwa bapa, na hiyo unaikwangua taratibu kwa ncha ya pipeti kabla haijaharibu kisahani kizima. Baada ya siku 4 mpaka 7 hivi zimejaa, inabidi uzigawe, ukichelewa zinaanza kugeuka zenyewe. Na ukitaka kuzigeuza makusudi ziwe seli za moyo, kwa njia tunayotumia sisi dawa ya kwanza inakaa saa 24, ya pili inaingia siku ya 3, hiyo siku ya 3 ikiangukia Jumapili basi ni Jumapili, ikiangukia siku ya mtihani wako wa takwimu basi chagua.

Halafu wiki ya pili unafungua inkubeta asubuhi, unaweka kisahani chini ya lenzi, unaona vipande vinadunda. Vyenyewe. Hakuna mtu, hakuna mwili, kuna seli ambazo zilianza kama ngozi au damu ya mtu na sasa zinapiga. Nimeshaiona mara nyingi na kila mara naita mtu aje aangalie. Nakwambia hivi Mkurugenzi ili ujue hatulalamikii kazi. Tunaipenda hii kazi, ndo maana imekuwa rahisi kwa watu kutuambia "si unaipenda, vumilia".

Na hii fani imejengwa na wanafunzi, hilo nalisema bila kutafuna maneno. Mwaka 1975 James Rheinwald alikuwa mwanafunzi kwenye labu ya Howard Green kule chuo cha MIT, Marekani, yeye ndo aliona kwenye visahani vyake seli zinazoonekana kama za ngozi zinaota pamoja na seli nyingine, akafuatilia, wakatoa njia ya kuotesha seli za ngozi ya binadamu nje ya mwili. Mwaka 1983 njia hiyo ilitumika kuwatengenezea ngozi watoto wawili ndugu walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili, na wakapona. Angalia pia hizi seli za iPS zenyewe, mwaka 2006, mtafiti wa Japani Shinya Yamanaka alikuwa na orodha ya jeni 24 hajui ipi inairudisha seli ya kawaida kuwa seli shina, Kazutoshi Takahashi ambaye alianza kwake kama mwanafunzi ndo akapendekeza waziweke zote 24 kwa pamoja kisha watoe moja moja waone ipi ikikosekana kazi inakwama, zikabaki 4. Yamanaka mwenyewe amelieleza hilo hadharani na akapewa Nobel 2012 pamoja na John Gurdon. Sasa jiulize, mwanafunzi wa leo kwenye taasisi yetu ambaye kichwa chake kimejaa zamu za kubadilisha midia ya watu wengine, hilo wazo atalipatia wapi na saa ngapi?

Tunaambiwa sana kwamba kila mtu kwenye sayansi alipitia haya. Tunaambiwa hata ile stori ya mtafiti McCulloch kule Toronto, kwamba alienda labu Jumapili kuangalia panya wake waliodungwa seli za uboho ndo akaona vinundu kwenye wengu zao, na ndo mwanzo wa yeye na mwenzake Till kuonyesha mwaka 1961 kwamba seli shina za damu zipo. Ni kweli na ni stori nzuri, lakini McCulloch alikuwa na ajira yake na panya walikuwa wa jaribio lake. Jumapili zetu nyingi tunalisha seli za miradi ambayo majina yetu hayamo.

Na sio kwamba tatizo la mikataba halijulikani na wakubwa. Yamanaka alipokuwa anaongoza CiRA, taasisi ya utafiti wa seli za iPS pale Kyoto, alisema waziwazi kwamba wafanyakazi wake wengi sana wako kwenye mikataba ya muda tu, na mwaka 2012 alikimbia marathoni ya Kyoto kuchangisha hela za mfuko wa utafiti. Mtu wa kiwango kile aliona aibu hiyo ni yake kuibeba. Sikuombi ukimbie Mkurugenzi, nakuomba ulitaje tatizo kwa jina lake kwenye bajeti.

Naomba uniruhusu niseme kuhusu usalama, hapa ndo pananinyima usingizi. Kwenye chumba cha kuhifadhia seli tuna matangi ya nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Lita moja ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700, na hiyo gesi haina harufu wala rangi, inasukuma oksijeni nje ya chumba, mtu anaanguka kabla hajajua kuna shida. Kanuni inasema usijaze tangi peke yako. Kanuni imebandikwa mlangoni. Lakini wikendi kwenye rosta ni jina moja, na hilo jina ni la mwanafunzi, ambaye ikitokea kitu hakuna karatasi inayosema alikuwa pale kikazi. Nimemuona mwenzangu anashikilia mlango kwa mguu mmoja ubaki wazi huku anamimina, kwa sababu kengele ya oksijeni ilikuwa mbovu na aliyepewa ripoti alisema itashughulikiwa. Imeshatengenezwa, nashukuru. Jina kwenye rosta bado ni moja.

Uchovu nao unaingia mpaka ndani ya kisahani. Maikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli, huioni kwa hadubini ya kawaida, seli zinaendelea kuota vizuri tu huku matokeo yako yote yameshaharibika, na inasambaa kwa mambo madogo kama chupa ya midia iliyotumika kwa laini mbili za seli, yaani seli za asili mbili tofauti, au glavu ambayo haikubadilishwa maana mtu alikuwa anawahi semina. Taasisi inanunua vitendanishi vya bei kubwa halafu inavikabidhi kwa mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima, kwa kweli hapo sioni hesabu inakubali vipi.

Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba mtu asiye na mkataba hawezi kusema "simama". Na kwenye tiba hii kusema simama ni kazi. Mwaka 2014 Japani walimpandikizia mgonjwa wa kwanza tishu ya jicho iliyotokana na seli za iPS, timu ya Masayo Takahashi, mgonjwa wa pili walipokagua seli zake wakakuta mabadiliko ya jeni, wakasitisha. Hivyo ndo inavyotakiwa. Kinyume chake tunakijua pia: kule Seoul, Hwang Woo-suk alichapisha 2004 na 2005 kwamba ametengeneza seli shina kutoka viinitete vya binadamu vilivyokloniwa, jarida la Science wakaziondoa pepa zote mbili Januari 2006, na ikathibitika kwamba kati ya waliotoa mayai yao ya uzazi kwa ajili ya utafiti huo walikuwemo watafiti wadogo wa labu hiyohiyo. Fikiria binti anayemtegemea bosi kwa digrii, kwa posho na kwa barua ya mapendekezo, anaombwa hivyo, atakataa vipi? Na aliyekuja kutoa taarifa ni kijana aliyewahi kufanya kazi humohumo. Mimi sisemi taasisi yetu iko hivyo, haiko hivyo. Nasema utaratibu wa kumwacha mtu mdogo aning'inie mikononi mwa mtu mmoja ndo udongo ambao mambo yale yaliota.

Kuna na hili la kusoma, watu wanaliona kama anasa. Wagonjwa na ndugu zao wanatuandikia sisi, maana email zetu ziko kwenye tovuti. Mama anauliza kama seli shina zitamrudishia mwanae uti wa mgongo, mwingine ameshalipa advansi kwenye kliniki inayochoma seli zilizotolewa kwenye mafuta ya mwili popote unapotaka. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya wanawake watatu Florida waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kuchomwa seli za aina hiyo machoni. Kumjibu yule mama kwa ukweli bila kumvunja inataka usome, tena usome nje ya pepa za mradi wako, na usomaji huo kwa sasa tunaufanya usiku tukiwa hoi au hatufanyi kabisa.

Kwa hiyo Mkurugenzi, kwenye huo mkataba tunataka saa za labu zionekane, zamu za wikendi zilipwe au zifidiwe na siku ya mapumziko, bima ya ajali imguse kila anayeingia chumba cha nitrojeni na waingie wawili wawili, na siku nzima moja kila wiki iwe ya kusoma ambayo supavaiza hawezi kuichukua bila maandishi. Hela ya ziada inahitajika, najua, lakini pengine sio nyingi kama inavyodhaniwa, fundi wawili wa kudumu wa kutunza seli wangepunguza nusu ya zamu zetu na laini za seli zingekaa kwenye mikono ileile mwaka hadi mwaka badala ya kila anayehitimu kuondoka na ujuzi wake. Na anayetaka kulalamika awe na mtu wa kumwendea ambaye hasaini digrii yake. Mambo ya majina kwenye pepa yanaweza kusubiri kikao kingine ingawa nayo yapo.

Kikao cha bodi kiko mwezi ujao. Tunaomba suala hili liwe kwenye ajenda na wanafunzi wawili waruhusiwe kuingia kusema, tutachaguana wenyewe. Ila muda mliozoea kukaa ni uleule wa asubuhi tunapobadilisha midia, kwa hiyo tafadhali mkipanga siku mtuambie mapema, tutafute wa kutushikia seli.

Wako katika kazi,
Mwanafunzi wa uzamivu, labu ya seli shina