Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: mifuko ya fulana ya mume wangu ilikuwa mitupu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kwa mara ya nne. Barua tatu za mwanzo zilipokelewa ofisini kwako, zikagongwa mhuri, na mpaka leo sijajibiwa. Hii naiandika hadharani kwa sababu Jumanne iliyopita mume wangu, askari wako wa doria, alipigwa risasi ya kifua akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi mliyompa. Risasi ilipita.

Hospitalini nilikabidhiwa fulana hiyo ndani ya mfuko wa plastiki. Mbele ina tundu dogo, hata kidole changu cha mwisho hakiingii. Nilipoitoa paneli, ile sehemu ya ndani ya nyuzi inayozuia risasi, kwenye kava nikaona lebo iliyofifia kwa jasho, lakini inasomeka: kiwango IIIA, na tarehe ya kutengenezwa, miaka 11 iliyopita. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 5.

Mheshimiwa, IIIA ni kiwango cha bastola. Kinazuia risasi ya milimita 9, hata ile nzito ya .44 Magnum. Risasi ya bastola ya milimita 9 huja kwa kasi ya mita kama 400 kwa sekunde, na ni butu. Ikigonga nyuzi hubonyea, ikapanuka, ikanaswa kama samaki kwenye jarife. Ya bunduki ya AK-47 ina ncha kali, huja kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na nguvu yake ni mara tatu hadi nne. Nyuzi peke yake haziiwezi. Inayoiweza ni bamba gumu linaloingizwa mbele na nyuma ya fulana. Likiwa la kauri, kauri huivunja risasi na tabaka la nyuma yake hunasa vipande.

Fulana ya mume wangu ina mifuko ya mabamba hayo. Miaka yote nilipokuwa nafua kava lake nilidhani ni mifuko ya kuwekea daftari. Yote miwili ilikuwa mitupu.

Ulisimama mbele yao siku ya gwaride, ukasema hakuna askari wako atakayetoka bila kinga kamili. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu na watoto. Nilipiga makofi.

Na lile gari la deraya limeegeshwa. Vioo vyake vimeota mapovu pembezoni, tabaka zimeachana, dereva haoni vizuri. Kwa hiyo siku ile walitoka na gari la kawaida, naye akajikinga nyuma ya mlango, kama watu wanavyofanya kwenye sinema. Mlango ule ni bati tu. Risasi ya bunduki huutoboa. Kwenye gari la kawaida, cha kujibanza nyuma yake ni injini.

Nahisi aliyeshika zabuni aliona maneno "kuzuia risasi" akatosheka, au mabamba yaliondolewa ili bei ishuke. Kama hoja ni uzito, kweli, bamba moja la kauri lina kilo mbili na nusu hadi tatu. Njoo umuulize mume wangu kama angelalamika kulibeba.

Sasa analala akiwa ameketi, maana akilala chali pumzi inakata. Nimeacha kazi ili nimgeuze, nimsafishe. Mtoto wetu mdogo ameshakatazwa kumkumbatia baba yake, na kila jioni anasahau, anamkimbilia.

Sikuombi fidia leo. Hilo tutazungumza. Kesho usiku wenzake wanatoka doria na fulana zile zile, nami nawajua kwa majina, nawajua wake zao. Agiza kila fulana ifunguliwe na lebo isomwe. Asiye na mabamba asipelekwe palipo na bunduki.

Mabamba, Mheshimiwa. Kabla hawajatoka kesho, naomba mabamba.

Wako mtiifu,
Mke wa askari wako