Umeona wapi? Barua kuhusu marudio ya ufahamu na fasihi

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi, wewe na walio nyumbani. Umeniuliza uanzie wapi na wanafunzi wanaosoma vizuri kwa sauti, hata vituo wanavizingatia, lakini wakifika kwenye maswali ya ufahamu wanaporomoka. Usianzie kwenye tamathali za semi, yaani lugha ya picha. Anza na tabia moja tu: kila jibu liwe na mstari wake ndani ya kifungu. Mwanafunzi akijibu, muulize, "Umeona wapi?" Akiweka kidole kwenye mstari, endeleeni. Akitazama dari, jibu amelitoa kichwani mwake.

Chagua vifungu vifupi, maneno 200 hadi 300. Kifungu kirefu humaliza kipindi kabla hamjafika kwenye kujadili majibu, na kwenye majadiliano hayo ndiko makosa yanakoonekana. Wasome mara ya kwanza kimya, kalamu chini, kisha kila mmoja aseme kwa sentensi moja kifungu kinahusu nini. Ndipo wapitie maswali, warudi kusoma wakipigia mistari. Wapo walimu wanaotaka maswali yasomwe kwanza. Kwa wanaojifunza, mimi siipendi njia hiyo. Macho huwinda neno la swali, na mwanafunzi hunakili sentensi ya kwanza yenye neno hilo, hata kama jibu liko aya mbili mbele.

Maswali ya moja kwa moja hayatakusumbua. Kazi iko kwenye yale ambayo jibu lake halikuandikwa. Tumia mistari hii niliyoitunga:

"Bi Tatu alipofungua mlango, vicheko vilikatika. Aliweka kikapu chini, akatazama jozi mbili za viatu asivyovitambua. 'Naona chai haitatosha,' akasema. Hakuna aliyeinua macho."

Uliza kama kuna wageni. Neno lenyewe halipo, lakini viatu asivyovitambua vinalibeba jibu. Uliza waliomo ndani wana hali gani. Wengi wataandika "wanaogopa" na kuweka nukta. Jibu kamili lina hisia na ushahidi wake: wana wasiwasi, kwa kuwa vicheko vilikoma ghafla na hakuna aliyethubutu kumtazama. Kisha watege: je, Bi Tatu ni mchoyo? Utasikia ndiyo nyingi kwa sababu ya ile chai. Waonyeshe kwamba kauli hiyo inaweza kuwa uchoyo, inaweza kuwa utani, na inaweza kuwa namna ya kusema "nimewaona" bila kuuliza swali. Mistari hii haitoshi kuamua. Wenye akili kali ndio hupotea zaidi hapa, maana mawazo wanayo mengi na wanayaamini yote. Wazoeze kutenganisha kile ambacho kifungu kinasema, kile kinachodokeza, na kile wanachodhani wao. Hicho cha mwisho hakina alama.

Kwenye msamiati, mtihani huuliza maana ya neno "kama lilivyotumika". Mwanafunzi arudishe jibu lake ndani ya sentensi na kuisoma upya. Chukua neno "vilikatika" la mistari ya Bi Tatu: "Vicheko vilikoma" inakaa sawa. "Vicheko vilikuwa vipande vipande" masikio yenyewe yatakataa. Njia hiyo humnasa pia anayejibu kwa kitenzi wakati neno lililoulizwa ni nomino.

Waangalie pia alama zilizowekwa mwisho wa swali. Swali la alama 4 haliridhiki na hoja moja iliyorefushwa. Mara nyingi linataka hoja mbili zenye maelezo, au nne fupi. Na vitenzi vya maswali wavitofautishe: "taja" inataka orodha, "eleza" inataka sababu au namna, "linganisha" inataka pande zote mbili katika hoja ileile, si aya ya huyu ikifuatwa na aya ya yule.

Muhtasari huharibiwa na mifano. Wakate mifano, marudio na maneno ya wahusika, wabakie na hoja, waziunge kwa maneno yao. Kama idadi ya maneno haikutajwa, theluthi moja ya kifungu ni kipimo kizuri. Maoni yao yasiingie hata kidogo.

Sasa fasihi. Kutambua tashbihi (kufananisha kwa "kama") na tashihisi (kukipa kitu tabia za mtu) si tatizo kubwa, ingawa utakutana na wanaoona tashbihi kila penye "kama". Wape "kama atakuja, nitamwambia" waone kwamba hapo ni sharti tu. Wanachokosa ni kueleza tamathali imefanya nini. "Inapamba kazi" si jibu, kwa sababu linaingia kwenye kila tamathali duniani. Waandike sentensi ileile bila tamathali, kisha waseme kilichopotea. "Jua lilimchungulia dirishani" ikigeuzwa "mwanga ulipita dirishani", inapotea ile hisia ya mtu anayetazamwa. Hiyo ndiyo kazi ya tashihisi hapo.

Vivyo hivyo kwa wahusika: "mzuri" na "mbaya" zipige marufuku. Sifa iwe mahususi, ifuatwe na tendo au kauli inayoithibitisha. Kwenye maudhui, neno "umaskini" peke yake ni mada. Dai sentensi kamili ya kile ambacho hadithi inasema kuhusu umaskini. Na anayesema "mimi" katika hadithi ni msimulizi, katika shairi ni nafsineni. Wasimpachike mwandishi maneno hayo.

Mizani, yaani idadi ya silabi katika mstari wa shairi, utaimaliza kwa kipindi kimoja. Wahesabu silabi, si herufi: "ndizi" ni mbili, "nchi" nayo ni mbili, "mwalimu" ni tatu. Hesabu ikikataa kufika nane kwenye kipande (nusu ya mstari) cha tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, wachunguze kwanza maneno yenye "m" na "n" mwanzoni.

Ukisahihisha, usiwarudishie alama peke yake. Kando ya kila jibu lililokosewa andika S kwa asiyeelewa swali, K kwa asiyerudi kwenye kifungu, M kwa aliyetaja bila maelezo. Hesabu herufi hizo za darasa zima, na iliyozidi ndiyo iwe somo la juma linalofuata.

Niandikie ukishapata hesabu ya kwanza.

Wako,
Hamisi