Usiidanganye shajara ya usingizi

Mwanangu mpenzi,

Juzi uliniambia hupati lepe la usingizi mpaka kunakaribia kucha, na kwamba daktari, badala ya vidonge, kakuelekeza kwenye programu ya simu. Ukacheka: simu hiihii inayonikeshesha ndiyo iniponye? Mimi sikucheka, maana nimeipitia njia hiyo.

Daktari hakukufanyia mzaha. Programu kama hiyo hukupitisha kwenye tiba ya fikra na tabia, yaani kubadili unavyouwazia usingizi na mazoea yako ya kulala. Tiba hiyo ndiyo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilichoshauri mwaka 2016 itangulie dawa, kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Uingereza nako, mwaka 2022, taasisi ya NICE, inayoshauri kuhusu matibabu, ilipendekeza programu ya Sleepio kwa watu ambao wangeishia kupewa vidonge.

Kitakachokuudhi ni kwamba utaambiwa ukae kitandani muda mfupi zaidi. Ndiyo, wewe usiyelala! Kwanza utajaza shajara, yaani kumbukumbu ya ulivyolala kila usiku, wiki moja au mbili. Ikionekana unalala saa 6 kati ya 9 unazogaagaa, utapewa hizo 6 tu: uingie saa 6:30 usiku, utoke saa 12:30 asubuhi, hata kama ulikesha. Mchana usijilaze. Usingizi ukigoma kwa dakika 20 hivi, bila kuchungulia saa, toka kitandani, ukakae kwenye mwanga hafifu mpaka macho yawe mazito. Kitanda kimezoea kukuona ukiwaza. Sasa kinafundishwa upya. Ukishaulala muda wako kwa asilimia 85 au zaidi, unaongezewa dakika 15 hivi.

Wiki ya pili nilikuwa mkali kama pilipili, muulize baba yako. Siku hizo usishike usukani ukiwa unasinzia. Na kama una kifafa, au unakoroma na pumzi kukatika usiku, mwambie daktari kabla hujaanza.

Sasa nikuambie nilikokosea. Nilichoka kubanwa, nikaanza kuandika kwamba nimelala kumbe nilikuwa macho. Programu haina macho ya kuniona. Iliniamini, ikaniongezea muda kitandani, na mimi nikarudi kulekule kuhesabu mabati. Ilibidi nianze upya. Mtaalamu aliyeketi mbele yangu angeyaona macho mekundu.

Basi jaza kweli, na ujaze asubuhi, kwa kukadiria. Simu usiku ikae mbali na kitanda. Kuna pia mazoezi ya kuzipima fikra za hofu, kama ile ya "nisipolala leo, kesho nimekwisha". Andika ni kesho ngapi umeshazimaliza ukiwa hukulala. Mimi sehemu hiyo niliiona ya kitoto, mpaka nilipoona orodha yangu.

Mambo hayo huchukua wiki sita au zaidi kidogo. Jumapili nitakupigia. Usiniambie unaendeleaje; nisomee ulichoandika.

Mama yako