Hewa ya vyumba vya kusubiria isafishwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hewa tunayovuta kwenye vituo vya afya hapa Tabora. Kiangazi vumbi likianza, madirisha hufungwa. Wagonjwa wanabanana kwenye mabenchi, mmoja anakohoa, na mama mwenye kichanga kakaa ubavuni pake. Surua, kifua kikuu, UVIKO-19: magonjwa yote haya husambaa kwa hewa ya namna hiyo.

Njia ya kuyapunguza ipo tangu miaka ya 1930, Mmarekani William Wells alipoonyesha kuwa miale ya urujuanimno (UV, mwanga usioonekana kwa macho) huua vijidudu vinavyoelea hewani. Taa za miale hiyo hufungwa ukutani juu ya vichwa vya watu, zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni, mwanga ukielekezwa juu. Feni inapandisha hewa chafu, inapita kwenye miale, inashuka ikiwa safi. Miale hiyo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, isimulike watu, maana inaumiza macho na ngozi. Tafadhali, asiitwe fundi wa kubahatisha.

Halmashauri ianze na vyumba vya kusubiria. Na umeme ukikatika, madirisha yafunguliwe hata kama kuna vumbi.

Msomaji, Tabora