Sifuri Moja ya Ziada Inavyoipeleka Simu ya Ofisi Yako Pasifiki

Ukikuta kwenye ripoti ya simu za ofisi kwamba mmepiga Kaledonia Mpya, visiwa vya Ufaransa vilivyoko mashariki ya Australia, usianze kwa kumhoji mhudumu wa mapokezi. Inawezekana kabisa alikuwa anamtafuta fundi wa AC aliyeko Kinondoni, ila akazidisha sifuri moja.

Mitambo mingi ya zamani ya simu za ofisi ilikutaka ubonyeze 0 kwanza ili upate laini ya nje, kisha ndipo upige namba yenyewe. Ile sifuri ya kwanza mtambo uliimeza. Simu ya intaneti haihitaji hatua hiyo, unapiga moja kwa moja kama kwenye simu ya mkononi. Lakini vidole vimeshazoea. Mtu anabonyeza 0, halafu 0687 na tarakimu sita zilizobaki, na seva, yaani kompyuta inayounganisha simu hizo, inapokea namba inayoanza na 00. Hapa Tanzania kupiga nje ya nchi ni 000, kwa hiyo yeye haoni kosa lolote. Kampuni nyingi za simu za intaneti zinafuata utaratibu wa sehemu kubwa ya dunia, ambako kupiga nje ya nchi ni 00. Seva inasoma 00, kisha 687, msimbo wa Kaledonia Mpya. Namba za huko zina tarakimu sita, na sita ndizo zilizobaki. Simu inaita. Akipokea mtu, au hata mashine ya kurekodi ujumbe, salio limeshaanza kukatwa.

Namba inayoanza na 0681 nayo, kwa sifuri hiyo hiyo, inakwenda Wallis na Futuna, ambako pia ni tarakimu sita. Simu ya mezani ya Dar es Salaam inayoanza na 022 2 inaelekezwa Mauritania, ila hiyo haifiki kwa sababu Mauritania wanatumia tarakimu nane.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanapaswa kulijua. Tumezoea kupiga Kenya kwa 005 na Uganda kwa 006. Njia hizo ni za makubaliano ya nchi zetu, na seva iliyopangwa kwa utaratibu wa 00 haizijui. Ukipiga 006 halafu namba ya Uganda inayoanza na 777, inasoma 00, kisha 677, yaani Visiwa vya Solomon, na zinabaki tarakimu saba, urefu wa simu za mkononi za huko. Ukipiga Kenya kwa 005 na namba ya mkononi inayoanza na 7, unaelekea Kolombia. Kwenye simu ya intaneti piga +254 na +256, na namba za wateja wako zihifadhi hivyo hivyo, za hapa nyumbani zikianza na +255. Angalieni pia mpangilio wa tarakimu mnapoandika: 225 badala ya 255 ni Ivory Coast.

Kuwaonya wafanyakazi ni vizuri, lakini sisi tunaofunga mitambo hii hatutegemei hilo. Anayepiga simu sitini kwa siku huku foleni ya wateja imemsimamia mbele atakosea siku moja, na si haki gharama imwangukie yeye wakati mtambo ungeweza kulizuia kosa. Ndiyo maana kila mtambo tunaoufunga unaanza ukiwa umezuiwa kupiga simu zote za nje ya nchi. Halafu tunakaa na mteja na kufungua nchi moja moja kulingana na kazi yake. Wakala wa forodha anayetoa mizigo bandarini Dar es Salaam atahitaji Zambia, Kongo, China na Falme za Kiarabu. Kampuni ya utalii ya Arusha itataka Ujerumani, Uingereza na Marekani.

Kwenye Marekani tunakuwa waangalifu zaidi. Msimbo wake, +1, si wa Marekani peke yake. Kanada imo, na visiwa vingi vya Karibi vimo: 876 baada ya 1 ni Jamaika, 809 ni Jamhuri ya Dominika, 473 ni Grenada. Aliyeipangia seva iruhusu kila kinachoanza na 1 amefungua visiwa hivyo vyote bila kujua, na bei ya kupiga huko huwa tofauti kabisa na ya New York. Basi tunaifungua 1 kisha tunafunga misimbo ya visiwa hivyo. Faida yake utaiona pia siku mtu wa nje atakapobipu laini yenu usiku na mfanyakazi kumpigia asubuhi akidhani ni mteja.

Tunaweka pia sheria ya kuikagua namba kabla haijatoka. Inayoanza na 00 na kufuatiwa na 6 au 7, yenye jumla ya tarakimu kumi na moja, inasimamishwa, na aliyepiga anasikia ujumbe wa Kiswahili unaomwambia aondoe sifuri ya mwanzo. Kwa wanaopiga nje mara chache tunapendekeza namba ya siri, moja kwa kila mtu. Salio la malipo ya kabla liwe dogo, na ile huduma ya kujiongeza salio lenyewe izimwe. Wezi wakiiba nenosiri la simu moja hupiga namba za bei kubwa usiku au wikiendi, na salio dogo litawakatisha mapema.

Namba za dharura hatuzigusi. Tukimaliza kufunga mtambo, tunahakikisha kwenye mipangilio kwamba 112 na 114 zinatoka kwenye kila simu, bila namba ya siri na hata salio likiwa sifuri.

Kama mnatumia simu ya intaneti tayari na hamjui imepangwaje, tuleteeni ripoti ya simu ya mwezi uliopita na orodha ya nchi mnazopiga kweli. Tutazilinganisha mkiwepo, kisha tutazizuia nchi zilizobaki.